Bodi Iliyotangazwa Maiti

Hakuna aliyempa Hakimu ukuu wake. Aliuchukua mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kuwaaibisha watu.

Alikuwa fundi redio. Jina la Hakimu alibandikwa na wateja tangu enzi ambazo redio ilishonewa kitambaa cha kuifunika na kuwekwa juu ya kabati, mahali mikono ya watoto isipofika. Mtu akinunua redio, hata iwe mpya ya dukani na karatasi zake, hakuwa na raha mpaka aipitishe kwa Hakimu. Naye angeigeuza, angeinusa mgongoni, angeifungua polepole kama mtu anayemvua mgonjwa nguo, kisha angetamka neno lake: "Mzima," au "Mgonjwa," au "Maiti." Akisema maiti, ulibeba maiti yako ukaondoka. Hapakuwa na pa kukata rufaa. Aliwahi kumwambia mwalimu mmoja, mbele ya mkewe na wanawe, kwamba ameuziwa boksi la upepo. Mwalimu yule hakupita tena mtaa ule. Akawa anazungukia nyuma, kwenye mtaro wa maji machafu, na Hakimu kila alipomwona kwa mbali akiruka matope na viatu vyake vya kung'aa, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Lakini hakuwa mwongo. Hilo hata waliomchukia walimkubalia. Hakuwahi kukipitisha kibovu kwa sababu ya urafiki, wala kukiangusha kizima kwa sababu ya chuki. Hakusoma shule ya maana. Alijifunza umeme kwa vitabu vikuukuu visivyo na majalada, akilinganisha michoro na matumbo ya redio, na alichokijua alikijua kwa vidole.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu chembamba nyuma ya duka la rangi, chenye dirisha moja linalotazama barabarani. Meza ya dirishani ilikuwa ya Hakimu. Iliyofuata ilikuwa ya fundi pasi, jitu la miraba minne linalotengeneza pasi, feni na birika, ambalo kusema lilisema kwa shida. Ya tatu ilikuwa ya kijana wa simu waliyemwita Kioo, kwa kuwa kutwa alikuwa akibandua na kubandika vioo vya simu, na mdomo wake haukutulia, kama mikono yake. Ya mwisho, kule gizani karibu na mlango wa choo, ilikuwa ya fundi saa. Fundi saa alikuwa amefariki, na saa za watu ambao hawakurudi kuzichukua zilikuwa bado zimening'inia ukutani, kila moja imesimama na wakati wake.

Meza hiyo ndiyo iliyoleta balaa.

Aliyeitaka kwanza alikuwa mpwa wake Hakimu, binti wa dada yake. Mama yake alimwacha mdogo, akalelewa nyumbani kwa mjomba. Utoto wake wote alifagia karakana ile, akaokota skrubu zilizodondoka, akapeleka chai. Kila alipokisogelea chuma cha kuchomea risasi ya kuunganishia nyaya, Hakimu alimpiga kofi la mkono. "Wewe ukishika hiki, nani atashika mwiko?" Watu walicheka, naye binti alicheka nao, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Kumbe alikuwa akienda nyumbani na kujifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akitazama video za watu wa mbali wakichoma risasi mezani kwao. Sasa alikuwa mwanamke mzima, ana vifaa vyake kwenye mkoba, tena ana mteja wake wa kwanza.

Aliyeitaka wa pili alikuwa shemeji yake Kioo, muuza makava ya simu. Huyo hakuwa fundi wa chochote. Lakini Kioo alitaka ndugu wa mkewe akae pale, wauziane wateja.

Wakagombana siku kadhaa, maneno yakawa makali, mpaka fundi pasi akazima feni aliyokuwa akiijaribu na kusema, "Kuna utaratibu. Binti alete kazi ya mkono wake. Hakimu aipime. Ikiwa nzima, meza ni yake. Ikiwa maiti, akae huyo wa makava."

"Hapo umesema," alidakia Kioo. Alikubali haraka mno.

Utaratibu wenyewe Hakimu aliurithi kwa bwana aliyemfundisha kazi, mzee wa redio za balbu, na siku hizi nani tena anaujua? Mgeni akitaka meza alileta kazi yake, na fundi mkubwa aliifungua mbele ya wote. Vifaa vya kupimia vilitoka kwa wenyeji, visitoke kwa mgeni, ili asije na ujanja wake. Kila alichokiona fundi mkubwa alikisoma kwa sauti, wenzake wakisikia, asije akageuza maneno baadaye. Na mwenye kazi alikaa kwenye kigoda mdomo umefungwa. Akitoa neno kabla ya hukumu, amekosa. Kwani mteja akienda na kitu chako nyumbani, na wewe utakwenda naye ukakae sebuleni kwake umweleze? Kitu kijisemee chenyewe. Tena hukumu haikutolewa kabla ya fundi kwenda kula, maana mtu mwenye njaa huwa na hasira na kila kitu. Hivyo ndivyo watu walivyopata meza, si kwa kumfahamu mume wa dada. Mtaa mzima ulikuja kuchungulia siku za namna hiyo, na aliyepita alijulikana kuwa amepita.

Asubuhi ya siku yenyewe, mkewe Hakimu alimshikilia koti mlangoni.

"Baba, mpe mtoto meza. Ni damu yako."

"Damu haipimwi kwa mita."

"Na wewe je, unapimwa kwa nini?"

Hakimu alilichomoa koti mkononi mwake akatoka. Lakini njiani alijiapia kwamba atampima mpwa wake kama ambavyo angempima mtoto wa mtu yeyote. Na alikusudia hivyo kweli.

Kazi aliyoileta binti iliwachekesha wote kabla hata haijawekwa mezani. Ilikuwa pedali mbili za mbao, chini zimepigwa mpira wa kandambili, zimeunganishwa kwa nyaya na kijibodi cha kijani kidogo kuliko kiberiti. Kwenye ukingo mmoja wa bodi palikuwa na mdomo wa kuchomeka waya wa USB, pembeni kuna taa ndogo kama punje ya mtama, katikati kuna chipu moja nyeusi.

"Hicho ndicho kitu?" aliuliza Kioo. "Mimi nilidhani ni kifungo cha shati."

"Sema kinafanya nini," Hakimu alimwamuru mpwa wake, "halafu ufunge mdomo."

"Shikamoo kwanza, Mjomba."

"Marahaba. Sema."

"Ukikichomeka kwenye kompyuta, kompyuta inadhani umechomeka kibodi. Kuna mama mpiga chapa wa ofisi ya maji, mkono wake wa kushoto umepooza. Pedali hii inashika kitufe cha herufi kubwa, na hii inaandika kichwa cha barua, kile anachokiandika kutwa nzima. Ataandika kwa mkono mmoja na miguu. Mkubwa wake amemwambia mwisho wa mwezi huu, kama hawezi kasi ya zamani, aende akapumzike. Atakuja mchana kuona." Alipomaliza, alikaa kwenye kigoda akaweka mikono mapajani.

Hakimu aliwasha taa ya mezani, akavaa lenzi jichoni. Akaanza kusoma.

"Haina harufu. Haina joto. Chipu nzima, haina ufa wala kovu. Risasi..." Hapo aligeuza bodi upande wa pili. Risasi ilikuwa imekaa vizuri, inang'aa, kila mshono kama tone la maji. Nani alimfundisha? "Risasi safi," alisema, kama mtu anayetema mwiba.

Fundi pasi alitikisa kichwa kukubali.

"Waya," alisema Hakimu, akanyoosha mkono bila kutazama.

Kioo alifungua droo yake. Mle mlikuwa na nyaya za kila namna zimejisokota kama utumbo. Alichambua, akaacha mmoja, akaacha wa pili, akavuta mwembamba mweupe, akampa mzee kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Binti aliutazama ule waya, akamtazama Kioo. Kioo alianza kupiga mluzi.

Hakimu aliuona waya na alijua la kufanya, kwani lilikuwa somo la kwanza aliloambiwa ujanani: kabla hujakishuku kifaa, ushuku waya. Maisha yake yote hakuwahi kuunganisha waya asioupima. Lakini huu ulikuwa waya wa vijana, umetolewa na kijana, mbele ya macho ya vijana waliokwisha kukusanyika dirishani kutoka duka la rangi. Angeuwekea mita ncha kwa ncha, nao wangesema, tazameni, mzee hata waya wa simu anauogopa. Akauchomeka bila kuupima, ncha moja kwenye bodi, ncha nyingine kwenye kompyuta ya Kioo, ile ya kuingizia watu nyimbo kwenye simu.

Taa ya bodi iliwaka.

"Umeme umeingia," alisoma Hakimu, akigusisha ncha za mita hapa na pale. "Hapa volti tano. Hapa tatu na pointi tatu. Sawasawa."

Akabonyeza pedali kwa kiganja. Kwenye kompyuta, ukurasa mweupe ulikuwa umefunguliwa na kale kamstari kalikuwa kanapepesa. Halikuja neno. Akabonyeza tena. Akachomoa, akachomeka tundu jingine. Kamstari kalipepesa tu.

"Labda kamelala," alisema Kioo. "Kapigieni kengele."

"Labda kanaandika kwa lugha ya watu wa maji," alisema mmoja wa dirishani.

Binti alikuwa ameushika ukingo wa kigoda kwa mikono yote miwili, macho hayatoki kwenye ule waya mweupe. Midomo yake ikafunguka.

Hakimu aliinua kidole. "Neno moja, na meza imekwenda."

Midomo ikafungwa. Hakimu alidhani ile ni hofu ya mtu aliyefumwa. Alipata huruma kidogo, kisha akaionea aibu huruma yenyewe, na ili wote waone kwamba hana upendeleo, aliisukuma bodi kwa kucha mpaka katikati ya meza.

"Maiti," alisema.

Haikuwa saa yake. Hukumu ilikuwa bado, hakuwa amekula. Lakini neno limekwisha kutoka, na dirishani walishaanza kupiga makofi. Kioo alimpigia shemeji yake simu palepale. "Njoo na makava yako, bwana. Kuna msiba hapa lakini wewe njoo na furaha."

Mchana walitawanyika. Binti aliondoka, akaenda kumchukua mpiga chapa wake. Fundi pasi na Kioo wakaenda kula. Hakimu akabaki peke yake.

Hakuwa na njaa. Kuna kitu kilikuwa kinamkera. Amewahi kuona maiti nyingi, na kila maiti ina sababu. Pana mahali palipoungua, palipokatika, pasipofika umeme. Hii ilikuwa na mapigo yote. Volti tano, tatu na pointi tatu, baridi, safi. Maiti gani anapumua? Alivaa tena lenzi, akapekua bodi kila upande, na kadiri alivyopekua ndivyo alivyozidi kuona uzima.

Ndipo akaushika waya. Aliuchuna ganda ncha zote mbili kwa wembe, kwa uangalifu, afike kwenye nyaya za ndani. Waya wa USB una nyaya nne tumboni, mbili za umeme na mbili za kupitisha habari. Hilo hakuwa na haja ya kufundishwa, alikwisha kukata nyingi. Huu ulikuwa na mbili tu. Ulikuwa waya wa kuchajia. Unalisha, lakini hausemi wala hausikii.

Akafungua droo ya Kioo. Akatoa mwingine mweusi mnene, akauchomeka.

Kompyuta ililia kidogo. Hakimu aliishusha pedali kwa kiganja, na kwenye ukurasa mweupe herufi zikaja zenyewe, upesi kuliko mkono wa mtu: OFISI YA MAJI. Mstari ukaruka. Kumbukumbu namba. Mstari ukaruka. Kuhusu.

Alibonyeza tena. Ikaandika tena. Haikukosea nukta.

Wangapi wameketi mbele ya kitu kizuri namna ile wakajua kwamba ni kizuri? Hakimu alijua. Mikono yake ilijua kabla yake. Na palepale akaona pia yatakayofuata. Angewaita na kusema, nilikosea, niliupokea waya bila kuupima. Kioo angeanguka chini kwa kicheko. Habari ingefika duka la rangi, ingefika kwa mwalimu wa mtaroni. Hakimu hajui waya wa kuchajia! Angeweza kumlaumu Kioo, lakini kumlaumu Kioo ni kukiri kwamba kitoto cha vioo vya simu kilimtia mfukoni mchana kweupe. Na lile neno alishalitamka. Maisha yake yote hakuwahi kulirudisha neno lile kinywani.

Yalikuwepo maneno mengine ambayo angeweza kuyasema, na mtu mwingine angeyasema. Yeye alivuta mtambo wa umeme wa redio, ule wa volti kumi na mbili. Akabana klipu nyeusi kwenye ukingo wa bodi. Akaishika nyekundu, akatazama mlangoni, kisha akaigusisha kwenye pini iliyoandikwa tatu, isiyovumilia volti zaidi ya hizo.

Sauti yake ilikuwa ndogo sana, kama chawa akibanwa kwa kucha. Taa ikazima.

Akafunga mtambo. Akaurudishia ule waya mweupe maganda yake kwa gundi, akauchomeka tena, akafuta maneno kwenye ukurasa, akafungua dirisha harufu itoke, akaketi. Hapo hukumu yake ilikuwa ya kweli.

Walirudi wote kwa pamoja. Mpiga chapa wa ofisi ya maji alikuwa mama mnene mwenye miwani, mkono wake wa kushoto ameubeba kwa wa kulia kama anabeba mtoto aliyelala. Shemeji wa Kioo alikwisha kufika na mfuko wa makava begani, anaitazama meza ya fundi saa na kuipima kwa mashubiri.

Hakimu alisimama. "Nimeipima. Nimekula. Ni maiti. Hukumu imetoka, mwenye kazi aweza kusema."

Binti aliinuka. "Naweza?"

"Sema."

"Huo waya ni wa kuchajia tu, Mjomba. Haupitishi habari. Na aliyekupa anajua."

Wote walimgeukia Kioo. Kioo akapanua mikono. "Mzee aliomba waya. Hakusema wa nini."

Kicheko kililipuka dirishani, na Hakimu alikiacha kipite juu ya kichwa chake kwa utulivu ambao baadaye watu walikuja kuukumbuka. "Alaa," alisema. "Basi mimi si mtu wa kumdhulumu mtu. Lete waya wako wewe, binti yangu. Tuujaribu mbele ya wote, mtu asije akasema."

Binti yangu. Tangu azaliwe hakuwahi kumwita hivyo.

Alitoa waya mkobani, akauchomeka. Hakuna kitu. Hata ile taa haikuwaka.

"Asubuhi taa iliwaka," alisema fundi pasi.

Binti aliweka kidole juu ya chipu, akakiondoa haraka. Akaiinua bodi hadi puani. Akamtazama mjomba wake, uso mkavu kabisa, kisha akanyoosha mkono na kumvua lenzi jichoni, kama vile mtu anavyomvua mtoto kofia. Alitazama kidogo. Akampa fundi pasi.

Jitu lile liliinama, likageuza bodi huku na huku. "Chipu imetoboka," lilisema mwishowe. "Katikati. Tundu kama la sindano."

"Asubuhi ulisoma nini, Mjomba?" aliuliza binti. "Sisi tulikuwa tumefunga midomo, tulikuwa tunasikia. Haina harufu. Haina joto. Chipu nzima, haina ufa wala kovu. Nimekosea neno?"

Hakimu alianza kukusanya skrubu mezani.

"Na mchana alibaki nani humu ndani?"

Hata Kioo aliacha kutabasamu. Yeye alikuwa amecheza mchezo wake wa kihuni, mchezo wa nyaya, na sasa alimwangalia mzee kwa macho ya mtu aliyekwenda kuiba kuku akakuta jirani anachinja ng'ombe.

Mpiga chapa akasogea mezani. "Sasa mimi nitaandikia nini?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua.

"Subiri, mama," alisema binti. Akaingiza mkono mkobani, akatoa kipakiti cha plastiki cha rangi ya fedha, akakipasua kwa meno. Zilimwagika mezani, juu ya koti la Hakimu, bodi ndogo za kijani zilizofanana kama mbegu za boga.

"Hizi zinauzwa kwa pakiti, Mjomba. Zinaungua kila siku. Mimi mwenyewe nimeua kadhaa nikijifunza. Wewe ulidhani iko moja?"

Naam, alidhani iko moja. Katika maisha yake kila kitu kilikuwa kimoja. Redio ilikuwa moja ndani ya nyumba, ikifa ilililiwa kama mtu. Unaweza kuua kitu kama hicho na kikafa. Hakujua kwamba amefika katika zama ambazo hata dhambi haipati kitu cha kuharibu, kwa kuwa nyuma yake pana kingine, na nyuma ya hicho pana pakiti.

Chuma cha kuchomea kilikuwa mezani, cha moto. Binti alikishika. Hakuna aliyempiga kofi la mkono. Alifungua nyaya za pedali kwenye ile iliyokufa, akazichomea kwenye mpya, upesi, moshi ukipanda usoni mwake bila yeye kupepesa macho. "Zote nilishaziwekea programu," alisema, kwa mpiga chapa, si kwa mtu mwingine. Akachomeka. Akaweka pedali sakafuni.

Mama yule alivua kiatu. Akakanyaga. OFISI YA MAJI, ikaandika. Akakanyaga tena, na tena, ukurasa ukajaa ofisi za maji, naye akawa anacheka peke yake kama aliyetekenywa unyayoni.

"Basi bwana," alisema Kioo, akikohoa. "Meza ya fundi saa amepata. Shemeji, twende zetu."

"Ile ya chooni?" alisema binti. "Siitaki. Kazi yangu ndogo, inataka mwanga. Nataka ya dirishani."

"Hiyo ni meza yangu," alisema Hakimu.

"Ya nani? Ya mtu anayeua kazi za watu wakienda kula?"

"Mimi ni mjomba wako. Nimekulea."

"Umenilea, ndiyo. Na nimekufagilia. Tumelipana." Akamgeukia fundi pasi. "Baba, wewe ndiye uliyesema kuna utaratibu. Utaratibu unasemaje kuhusu hili?"

Fundi pasi alikuwa amekaa ubavuni mwa Hakimu tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Walizikiana wazazi. Alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, akakataa kumtazama rafiki yake.

"Utaratibu haukuwahi kuliwaza jambo hili," alisema. "Hama, mzee mwenzangu."

Aliyebeba redio ya kwanza kuipeleka kule gizani alikuwa Kioo, tena kwa mbio, kama mtu anayesaidia harusini.

Nyumbani mkewe alimuuliza kama mtoto amepata meza. "Amepata," alisema Hakimu. Mkewe akashukuru kwa sauti, akambusu mpwa wake mashavuni, akamsifu mumewe kwa uadilifu wake mbele ya majirani. Binti alisikiliza sifa zote hizo akila taratibu. Hakumpunguzia mjomba wake hata moja.

Wapiga chapa wengine walifuata, kisha watu wa maduka, kisha shule. Wateja wa redio hawakuja. Waliokuja kwa ajili ya rimoti waliishia dirishani, na binti alizitengeneza huku anaongea mambo mengine. Hakimu alikaa kule karibu na mlango wa choo, na kila aliyekwenda haja alimpiga bega bila kukusudia. Hakuna aliyemwita Hakimu tena, wala hakuna aliyempa jina jingine. Walimwita "yule mzee."

Siku moja kazi ilimzidi mpwa wake. Alitupa bunda la nyaya juu ya meza ya gizani, bila kusimama.

"Nimenyie hizi, Mjomba. Ncha tu."

Alizimenya. Alizimenya vizuri kuliko mtu yeyote katika mtaa ule, kila ncha urefu mmoja, bila kukata hata uzi mmoja wa shaba. Alifanya kama alivyofundishwa ujanani, kwa kuubana waya kwenye meno ya mbele na kuuvuta. Alipofika nusu ya bunda aligundua kwamba binti amegeuka anamtazama, na kwa kitambo kidogo alidhani anatazama ustadi.

"Usitumie meno," alisema binti. "Wateja wanaona."

Mzee aliutoa waya mdomoni, akaufuta mate kwa shati, akatafuta mkasi.